Ombi la Kuhamishiwa Vitani kwa Sababu za Usalama

Kwa Mama Philomena,
Mhariri Mkuu, Redio Igembe,
Shinyanga.

Mama Mhariri, shikamoo.

Ni mimi Bujiku, mwandishi wako wa Geita na Kahama, yule wa matangazo ya vifo ya saa saba mchana. Sote huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo nitalieleza kwenye lalamiko la pili. Naandika kwa heshima kuomba ile nafasi ya mwandishi wa vitani, iliyo wazi tangu Deusdedit arudi kupumzika kwa mama yake Kagongwa. Najua Dorah naye ameiomba. Dorah ni binti hodari, lakini anaishi Kambarage kwenye lami na hajateseka kiasi cha kustahili vita. Mimi nimeteseka vya kutosha, na sasa nataka kwenda mahali salama.

Usicheke, Mama. Nina mke na watoto watatu, na Melania ameapa kwamba nikirudi tena na shati lililochanika, hashoni. Kwa hiyo naorodhesha.

1. Machimbo. Mwezi wa tano ulinituma kwenye rashi mpya, yaani machimbo yaliyofumuka juzi tu, porini huku Geita, nikaulize wachimbaji wanaishije. Nilifika na daftari, kalamu sikioni, viatu vimepigwa rangi. Swali langu la kwanza lilikuwa wametoa gramu ngapi wiki ile. Kumbe swali hilo huulizwa na watu wa aina mbili tu, mtu wa kodi na mwizi. Wanaapolo, yaani wachimbaji wenyewe, wakanikalisha kwenye mdomo wa duara, shimo lao la dhahabu, miguu inaning'inia shimoni, wakaanza kujadili mimi ni yupi kati ya hao wawili. Aliyeniokoa ni Sesilia, mama ntilie wa pale, aliyesema sauti hii anaifahamu, ni ya yule mtu wa misiba. Wakataka uthibitisho. Basi nikasoma tangazo la kifo palepale ukingoni, la marehemu niliyemtunga mwenyewe, mzee Mageni wa Isaka, aliyeacha mjane na watoto tisa. Wanaume wawili walilia, na wa tatu akaomba ruhusa kwa bosi wake aende mazishini. Mimi nilipewa wali maharage nikaondoka.

2. Nkome. Nilikwenda mwaloni, ufukweni kwa wavuvi, kuandika habari za dagaa, nikapiga picha nyavu zilizokuwa zimeanikwa, kwa sababu jua lilikuwa zuri. Kumbe matundu ya nyavu zile ni madogo kuliko sheria inavyotaka. Mtu akapiga mluzi, akasema bwana samaki wa serikali kaingia, na mwalo mzima ukanigeukia. Nikakimbia, nikajikwaa kwenye kichanja cha dagaa, na hapo ndipo goti lilipoharibika. Nikajificha chini ya turubai la dagaa kwa saa nne. Sauti ya misiba niliijaribu, lakini mashine za mitumbwi zilikuwa zinanguruma na hakuna aliyesikia. Paka wa mtaani kwetu wananisindikiza mpaka leo.

3. Ngoma. Hili tulibebe wote wawili, Mama, maana ni wewe uliyetaka takwimu. Wagika na Wagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya kwetu Usukumani, wakishindana, unajua, wote wanacheza saa ileile kwenye uwanja uleule, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Watu wenyewe hawatulii, mara huku mara kule, nikaona kuhesabu vichwa ni kujitesa. Nikahesabu baiskeli. Upande wa Wagalu zilikuwa mia mbili na kumi, upande wa Wagika themanini, nikatangaza hewani kwamba Wagalu wameshinda. Nilisahau kwamba Wagika ndio wenyeji wa kijiji kile, na mwenyeji haendi uwanjani kwake kwa baiskeli. Kabla jua halijazama manju wao alikuwa ameshanitungia wimbo wa beti saba, na katika ubeti wa tano nimekuwa baiskeli isiyo na breki. Watoto wanauimba nikipita. Wagalu nao wamenuna, wanasema baiskeli zao zilikuwa mia tatu.

4. Mbuzi. Hili ndilo baya kuliko yote. Ulinituma vijiji vya nyuma ya Kahama kwa habari ya chanjo ya mifugo. Nikaingia kwa mzee Kalisti, nikaamkia, nikauliza ana ng'ombe wangapi. Akasema arobaini na wawili. Nikauliza, kwa mazungumzo tu, ana vijana wangapi wa kiume ambao hawajaoa. Majibu yote mawili nikayaandika ukurasa mmoja. Mama, mimi ni Msukuma, sijui akili yangu ilikuwa wapi. Mtu anayeingia kwa watu akahesabu ng'ombe kisha akahesabu vijana ni baba wa binti anayechungulia kama mahari ipo. Mzee akachinja mbuzi. Nikala, nikidhani ni ukarimu. Juzi wazee wawili wamefika nyumbani kwangu kumuulizia binti yangu, na Melania, aliyenizalia wavulana watupu, anataka kujua binti huyo nimezaa na nani.

Sasa tazama, Mama. Tangu nianze kazi hii sijawahi kukimbizwa kwa uandishi. Nimekimbizwa kwa kodi, kwa uvuvi na kwa uposaji. Ugonjwa ni mmoja tu, watu hawanijui mimi ni nani. Vitani ugonjwa huo una dawa. Kule mwandishi huvaa kofia ya chuma na fulana ya kuzuia risasi yenye maandishi meupe, PRESS, makubwa kiasi cha kusomeka ng'ambo ya bonde. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu itakuwa hiyo. Askari anatazama, anasoma, anaelewa kwamba huyu si wake, anaendelea na shughuli zake. Kila upande una msemaji anayejihesabia watu wake mwenyewe, na hakuna jemadari atakayenichinjia mbuzi.

Deusdedit ni ushahidi. Alikaa kule miezi saba na hakutungiwa hata ubeti mmoja. Nasikia sasa haendi popote, anashinda uani kwa mama yake, simu hapokei. Hayo ndiyo mapumziko ya mtu aliyefanya kazi mahali penye utaratibu.

Naomba nianze mwezi ujao. Ile fulana uliyosema utanitumia kwa basi nijipime bado naisubiri, na Melania yuko tayari kuipunguza kiunoni.

Nisalimie Edson wa mitambo, nisalimie Dorah na umwambie asinune, na yule mlinzi wa getini aliyenidhania mwizi wa betri mwambie nimemsamehe.

Mimi mwandishi wako, ninayependa kuishi,
Bujiku, Geita.

Nyongeza: Nikitafuta bahasha, kondakta ameleta fulana. Imenikaa sawasawa. Melania alikuwa ananizungusha aone kiuno, na yeye ndiye aliyeona tundu. Liko kifuani, katikati ya herufi E, na kitambaa kimeungua pembeni. Kwa ndani kuna doa lililofuliwa likakataa kutoka. Nimempigia Deusdedit mara sita, ya saba amepokea. Nikamuuliza, kaka, kwani hawakuona kwamba wewe ni mwandishi? Akasema, "Walikuwa na darubini, Bujiku. Waliisoma kwanza."

Mama, naogopa. Hapa wananikimbiza kwa kutonijua, na wakinijua wananipa wali. Naomba yote ya hapo juu uyahesabu kuwa salamu. Jumamosi Wagika na Wagalu wanarudiana, nitakwenda, na safari hii nitahesabu vichwa. Fulana siirudishi, maana najua huna nyingine. Dorah akiiulizia, mwambie ilipotelea kwenye basi.