Difu ya Mwalimu Hamasaki

Jumatatu, 3 Februari

Baridi kali. Nimefagia theluji juu ya magari yote ya kuuza hapa yadini, kama kila asubuhi. Nilipomaliza la mwisho, la kwanza lilikuwa jeupe tena.

Habari kubwa! Mama Haneda, mwenye yadi, ametuita ofisini mimi na mwenzangu wa kazi, Nishimori. Mnunuzi mkuu wa yadi, anayetutafutia magari ya kuuza, anastaafu. Meza yake itakuwa wazi. Na meza yenyewe iko kando ya hita! Mnunuzi hafagii theluji. Anakwenda minadani kwa treni, ana kadi zenye jina lake. Mimi nina miaka hamsini na miwili, na kadi pekee yenye jina langu ni ya daktari wa meno.

Kuna mtihani. Dokta Tazawa, daktari wa ng'ombe, anatafuta gari kuukuu la kuvuta kwa tairi zote nne, lenye difu ya kubana nyuma, yaani ile gia inayogawa nguvu kati ya tairi mbili. Gari la kawaida tairi moja ikikanyaga barafu, nguvu zote zinakimbilia hiyohiyo inayoteleza, na mwenzake analala. Difu ya kubana haikubali upuuzi huo, inamlazimisha na mvivu naye afanye kazi. Dokta anapanda vilima vya wilaya yetu ya Tokachi nzima kuzalisha ng'ombe, hana muda wa kukwama. Atakayempatia gari kwanza, meza ni yake.

Nishimori akasema, kwa ile sauti yake ya taratibu, kwamba difu hiyo huijui kwa kutazama nje. Usome kwanza kibati chenye namba za aina ya gari, kilicho chini ya boneti, kisha uinue nyuma uzungushe tairi, uhakikishe haijachoka. Anajifanya! Nani asiyejua hayo? (Habari ya kibati nilikuwa siijui.)

Jumanne, 4 Februari

Nimelipata. Siku moja tu!

Mwalimu Hamasaki, mstaafu, alihamia huku kutoka Kagoshima, kusini kabisa, kumfuata binti yake. Gari lake limelala uani tangu theluji ianze. Nikaenda na boksi la keki. Alipoingia jikoni kuchemsha chai, mimi nikatoka na jeki. Nikainua nyuma, nikashika tairi ya kushoto, nikazungusha. Haikusogea. Ya kulia nayo, wapi! Nikavuta kwa mikono miwili, nikaweka na mguu, mpaka mgongo ukalia. Zimebana, zimebana kwelikweli! Difu ya namna hii sijapata kuiona. Kibati sikukiangalia. Cha nini tena?

Niliporudi sebuleni nilivaa uso wa msibani. Nikamwambia Mwalimu pole sana, gari limekwisha, lakini kwa heshima yake yadi itamwondolea. Mzee wa watu akashukuru, akanifungia na viazi vitamu. Nilimhurumia kidogo. Viazi vilikuwa vitamu kweli.

Jumatano, 5 Februari

Gari limeletwa juu ya lori. Winchi ilipolivuta, tairi za nyuma zilikataa kuzunguka, zikaburuzwa juu ya barafu. Dereva wa lori akasema kuna kitu kimeng'ang'ania huko nyuma. Nikacheka kimoyomoyo.

Mama Haneda alikuwa mjini. Nikamwita Nishimori aje ajionee, aumie mapema. Akalijaribu. Tairi kimya. Raha iliyoje! Kisha akauliza gari lilikuwa la nani. La mwalimu kutoka Kagoshima, nikamjibu. Akasema ahaa. Akafungua mlango, akaingiza mkono, nikasikia kra! Ameteremsha hendibreki.

Huku kwetu hakuna anayegusa hendibreki kuanzia Novemba mpaka Aprili. Ukiivuta inaganda, asubuhi unabaki kulikodolea gari macho. Unaliacha kwenye gia, basi. Wakati wa baridi mimi hata jicho langu haliendi upande ule! Lakini hao watu wa kusini huvuta hendibreki hata wakisimama kununua gazeti.

Nishimori akasukuma tairi ya kushoto mbele. Ikaenda kwa ulaini. Ya kulia ikazunguka kinyumenyume. Difu ya kawaida kabisa, akasema. Tairi za difu ya kubana huzunguka zote upande mmoja, hazisimami kama mawe. Akauliza, ndugu yangu, kweli ulidhani kugoma ndiko kubana? Nikamwambia nilikuwa nampima yeye. Akaenda zake akipiga mluzi. Namchukia anapopiga mluzi.

Alhamisi, 6 Februari

Nishimori kapata la kwake, pwani kwa wavuvi. Amesoma kibati, amezungusha tairi, yote sawa. Litafika Jumamosi jioni. Dokta anakuja Jumamosi asubuhi. Kwa hiyo bado mimi wa kwanza, nikiwa na gari. Gari ninalo. Difu ndiyo sina.

Nimekaa chooni nikifikiri. Wazo! Grisi! Baridi imeshuka hadi nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Grisi nzito ya trekta haichoteki hata kwa kijiko; ikigandia ndani ya difu itazilazimisha tairi zifuatane. Nikaingia chini ya gari, nikamwaga oili ya difu, nikashindilia grisi mpaka ikanirudia usoni. Gari nimeliacha nje lilale na baridi.

Ijumaa, 7 Februari

Nimezungusha ya kushoto. Ya kulia ikafuata, upande uleule, polepole, kwa adabu! Nusura nilie.

Nilijiuliza kama huu ni ulaghai. Hapana. Dokta anataka tairi zifuatane, nazo zinafuatana. Mchana nimekula mabakuli mawili ya wali kwa nyama ya nguruwe.

Jumamosi, 8 Februari

Dokta Tazawa ni mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, si mtu wa kuchekacheka. Alipiga magoti kwenye theluji, akazungusha tairi mwenyewe, akachungulia upande wa pili. Akatabasamu. Mama Haneda alinitazama kama mtu, kwa mara ya kwanza. Dokta akauliza kama nina hakika. Nikasema kabisa. Akasema basi ahamishe minyororo ya kufunga tairi zisiteleze kwenye theluji, kutoka gari lake la zamani. Nikamwambia ya nini tena Dokta, kwa difu hii? Akaiacha yadini.

Mama Haneda akafunga namba za muda, tukatoka kwa majaribio. Dokta usukani, mimi pembeni nikimsifia difu. Simu ikalia. Alikuwa Iwabuchi, mfugaji wa juu kilimani. Ng'ombe wake anazaa, ndama kakunja mguu tumboni. Dokta akageuza gari palepale. Tulikwenda mwendo mrefu, kasi. Sikuwa nimewaza kwamba difu ikifanya kazi hupata moto, na grisi ikipata moto huwa maji.

Katikati ya kilima gari likakata tamaa. Tairi moja mbele na moja nyuma zinazunguka bure, wenzao wamelala. Dokta akarudi nyuma, akajaribu tena. Na tena. Akashuka, akachungulia, akazima injini. Akachukua mkoba, akanirushia kamba. Tukapanda kwa miguu, theluji magotini. Kila nilipoanguka hakugeuka.

Iwabuchi alikuwa amekaa kwenye majani, kamkumbatia ng'ombe shingoni, anamwambia vumilia mama, daktari huyo anakuja, vumilia. Dokta akaunyoosha ule mguu, tukavuta kamba sote watatu. Akatoka ndama jike, mkubwa, mzuri. Dokta akamsugua kwa majani makavu, akamtia maji baridi sikioni, akampulizia puani. Muda mrefu. Hakupumua. Ng'ombe amepona. Aligeuka akaanza kumlamba. Iwabuchi akatoka nje kidogo, aliporudi akatushukuru kwa kuja.

Wakati wa kushuka Dokta alisema neno moja, nalo naliandika lilivyo: "Bwana Kunimoto, ungesema tu hujui. Ningefunga minyororo."

Niliona aibu. Chakula cha jioni kimenishinda.

Jumatatu, 10 Februari

Dokta kachukua gari la Nishimori. Linanuka samaki, linapanda popote. Meza kapewa Nishimori. Hakuna aliyenigombeza. Mama Haneda alinikabidhi fagio tu.

Nishimori alifungua difu ya lile la Mwalimu, grisi ikamdondokea kwenye buti. Akanitazama. Hakupiga mluzi. Leo ningependa angepiga.

Nimeapa! Tangu leo, nisilolijua nitasema silijui. Nimelisema kwa sauti, peke yangu, nikifagia. Nimejisikia mwepesi. Kumbe ni rahisi hivyo!

Jumatano, 12 Februari

Jua kidogo. Kasisi wa hekalu kaja kutafuta gari la kumpandisha makaburini. Njia ni mbaya, na huwapakia wazee wanaokwenda kuwaombea marehemu wao. Akasimama mbele ya gari jeupe lililofika jana, ambalo hata mlango sijaufungua. Akauliza, kwa upole sana, kama lina difu ya kubana.

Nilifungua mdomo kusema sijui. Neno lenyewe dogo, na lilikuwa ulimini kabisa. Lakini Mama Haneda alikuwa dirishani anatazama, na Nishimori kando ya hita anakunywa chai.

Nikamwambia ipo, tena kali.

Kasisi akashukuru, akainama. Nami nikainama zaidi yake.