Wiki Niliyoshusha Bei za Juba

Jumatatu, 4 Agosti 2008

Habari kubwa! Bwana Onesmus, mtaalamu wetu kutoka Nairobi, anaondoka Ijumaa. Aliletwa kutufundisha kuchambua sera za uchumi, maana tangu vita viishe na amani isainiwe serikali yetu changa inaazima vichwa vya nchi jirani. Sasa kiti chake kitakaliwa na mmoja wetu: mimi au mwenzangu Nyachangkuoth. Atakayekosa anarudi masijala kubeba mafaili. Huko nimeshakaa. Vumbi, mende, feni hakuna. Sirudi ng'o!

Jaribio ni moja. Kila mmoja apime bei za sokoni, aandike ripoti, amshauri mkurugenzi. Nyachangkuoth kauliza maswali mpaka Bwana Onesmus akafurahi. Mimi sikuuliza kitu. Anayejua anauliza nini?

Jumanne, 5 Agosti

Nimeingia soko la Konyo Konyo na tai, kitambulisho kifuani, kalamu mkononi. Mtu wa serikali aonekane! Nyachangkuoth nilimwona kwa mbali, amevaa kandambili, kabeba kikapu kama mtu aliyetumwa chumvi. Ananunua kidogo kidogo, anacheka na kila mwenye meza. Aibu gani hii! Msomi mzima aliyekulia Eldoret.

Nilianza na Norah, mama wa Kampala anayeuza nyanya na vitunguu. Nikamsalimu kirasmi, nikamuuliza bei. Alitazama kitambulisho changu, akatazama kalamu, kisha akaapa kwa jina la Yesu kwamba biashara imekufa, nyanya anatoa karibu bure, na ushuru wa soko alishalipa. Sijui ushuru umeingiaje hapo. Kufika meza ya pili, habari zilikuwa zimenitangulia. Wote walinitajia bei ya chini, wote kwa huzuni. Mwenye mafuta ya kupikia alifunga duka kabisa aliponiona. Nimeandika kila kitu. Ushirikiano mzuri sana.

Jumatano, 6 Agosti

Ripoti tayari. Bei zimeporomoka Juba! Nimeishauri serikali ilale usingizi. Nyachangkuoth yeye anadai bei zimepanda, eti malori yamekwama kwenye matope ya njia ya Nimule, itokayo Uganda. Maskini, nilimhurumia.

Bwana Onesmus aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia nimesikia kwa masikio yangu, tena kutoka kwa wenye mali wenyewe. Akakuna kichwa, akasema basi ripoti zote mbili ziende kwa mkurugenzi. Wivu tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mkurugenzi Jada ameisifu yangu! Mbele ya watu! Kasema hatimaye ameona uchambuzi wenye habari njema. Nilijaribu kutotabasamu, nikashindwa.

Kisha mkurugenzi akaamua kwamba chakula cha kumuaga Bwana Onesmus kesho nikisimamie mimi, kwa bajeti iliyopigiwa hesabu kwa bei za ripoti yangu. Nyama, wali, kachumbari. Ofisi nzima pamoja na wafadhili. Nikajibu mafi mushkila, hakuna tatizo. Kiti nakiona kabisa.

Ijumaa, 8 Agosti

Ole wangu.

Asubuhi nilikwenda kwa Norah na kapu. Kumbe nyanya zina bei nyingine! Nikamkumbusha aliyoniambia Jumanne. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema, kwa Kiswahili chake cha Kampala: "Ile ilikuwa bei ya mtu ya kodi, leo wewe iko mteja, toa pesa, usinizibie njia." Nikabembeleza. Nikatisha. Nikabembeleza tena. Nilirudi na maharage na fungu moja la nyanya. Nyama niliiona tu ikining'inia.

Watu walipanga foleni. Chakula kikaisha foleni haijafika nusu. Mkurugenzi mwenyewe alipata mchuzi mtupu. Bwana Onesmus alisimama akashukuru, akasema miaka yake yote ya kufundisha hajaona somo la bei likieleweka na watu wengi hivyo kwa mchana mmoja. Halafu akamtangaza Nyachangkuoth. Makofi! Wenye njaa ndio walipiga kwa nguvu zaidi.

Nimeumia. Nilikwenda nyuma ya kontena la ofisi, nikalia kidogo.

Jumamosi, 9 Agosti

Nyachangkuoth kaja mpaka kwangu hapa mtaa wa Buluk. Ana roho nzuri, lazima nikubali. Kasema hataki nirudi masijala. Jumatatu niende tena Konyo Konyo, nipime bei upya, nikileta za kweli nitabaki kitengoni. Sharti lake moja: kwanza nikae nitafakari kwa nini wale watu walinificha ukweli.

Nimetafakari mchana kutwa. Nimepata jibu. Hawakuniheshimu vya kutosha!

Jioni nikamwona jirani yangu Cirillo, askari polisi. Amekubali kunisindikiza Jumatatu, na bunduki yake atakuja nayo. Tuone sasa nani atathubutu kunidanganya.