Ukungu wa Deki ya Shemeji

Jamani, leo nimeaibika. Tena mchana kweupe, mbele ya watu wanaonijua.

Mnajua mimi ni dalali wa almasi hapa Maganzo. Sina duka, sina gari. Nina jicho. (Nilikuwa nalo hadi saa tano asubuhi.) Mchimbaji akipata jiwe ananiletea, naweka lenzi, nasema, na watu wanaamini.

Asubuhi kaja Mzee Masanja na jiwe lake, la kwanza tangu mvua zianze. Shikamoo, marahaba. Nikatoa lenzi yangu mpya, nimeinunua wiki iliyopita. Nikatazama. Nikatikisa kichwa.

"Mzee, lina ukungu ndani. Hili ni la bei ya chini."

Mzee wa watu akanywea kabisa.

Kabla hajajibu, akaingia Mama Kulwa, mwenye banda la video hapo jirani. Shemeji yake kamletea deki ya mtumba ya HD DVD na boksi la diski zake. Yeye anayo ya Blu-ray. Anataka kubaki na moja, na tangu asubuhi wanabishana ipi ina picha safi.

"Njoo wewe mwenye jicho utuamulie!"

Ningekataaje? Mzee Masanja naye akanifuata, jiwe mkononi.

Nikakuta TV mbili, saizi moja, filamu ile ile. Kushoto Blu-ray, kulia HD DVD. Hapo hapo nikachanganyikiwa. Diski zote duara, zote zinang'aa, na ukiiweka ya huku kwenye deki ya kule inatemwa. Sasa walitengeneza mbili za nini? Shemeji akanieleza kuwa yake inasomwa kwa mwanga wa bluu. Na ile nyingine? "Hata hiyo ni bluu." Nikaitikia kama nimeelewa.

Watu wamejaa, wananitazama. Nikatoa lenzi. (Lenzi! Kwenye TV!) Nikitazama kwa lenzi, TV zote zina ukungu. Nikiiondoa, ya kulia tu ndiyo yenye ukungu. Mbona hivi? Nikaona nisizidi kuumiza kichwa.

"Kushoto safi, kulia ukungu," nikatangaza. "HD DVD haifai."

"Badilisheni nyaya!" Shemeji akafoka.

Wakabadilisha. Sasa Blu-ray iko kulia. Ukungu ukabaki kulia!

"Deki yako imeshaiambukiza TV," nikamwambia. (Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu.)

Mama Kulwa akasogea, akaipapasa TV. "Mayu wane, mama yangu! Si nailoni hii? TV mpya, niliiacha isije ikachakaa."

Akaibandua. Chwaaa! Picha zikawa sawasawa, hata mbu asingeona tofauti. Banda zima likaangua kicheko.

Mzee Masanja peke yake hakucheka. Akanyoosha mkono, akaomba lenzi yangu. Akaigeuza, akaikwangua kwa ukucha. Kikatoka kinailoni kidogo cha duara.

Akaweka jiwe lake chini ya lenzi, akalitazama muda mrefu. Akatabasamu.

"Mjukuu wangu," akasema, "kumbe ukungu ulikuwa wako."

Akanirudishia lenzi, akalifunga jiwe kwenye kikaratasi chake, akavuka barabara kwenda kwa dalali mwingine.

Anayetaka kunicheka ruksa, ila kwanza akaiangalie rimoti ya kwake nyumbani imevaa nini.