Mmiliki Halali wa Tawi la Pili

Saa tisa na dakika tano alasiri, Mkurugenzi aligundua kwamba mgahawa mzima ulikuwa wake.

Haukuwa wake kwa hati wala kwa jasho, lakini hayo ni mambo madogo. Mwenye mgahawa, mama mmoja ambaye mji mzima ulimwita Shangazi, hupanda ghorofani kulala kila siku kuanzia saa tisa hadi saa kumi, na wahudumu hutumia saa hiyo kula uani. Ukumbi hubaki mtupu kama bwalo baada ya kengele. Katika saa hiyo, mtu yeyote mwenye suti na uso mkavu akikaa nyuma ya kaunta, huyo ndiye mwenye mali.

Na tumtendee haki Mkurugenzi: uso mkavu alikuwa nao. Ofisi hakuwahi kuongoza hata moja. Cheo alijipa mwenyewe, kwa kuwa hakuona mwingine anayestahili kumpa. Aliwahi kuuza kiwanja kimoja kwa watu wanne, na kiwanja chenyewe kilikuwa uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Matunda ya kazi hizo alikuwa ameyakunja ndani ya soksi chini ya godoro, na sasa alitaka dili moja kubwa la mwisho, kisha apumzike kama mtumishi mwaminifu aliyemaliza muda wake.

Windo lake lilikuwa Muuza Misumari, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi na jengo tupu karibu na stendi. Alikuwa bahili wa kutajwa. Ilisemekana msumari ukipinda huunyoosha na kuuza tena. Kesho yake Mkurugenzi alimkaribisha saa tisa na robo, akamkalisha meza ya dirishani, akamweleza habari ya tawi la pili ambalo angemuuzia alifungue katika jengo lake: jina lilelile, ubao uleule, mchuzi uleule uliokuwa ukipanga watu foleni mpaka barabarani. Alitaja dira. Alitaja dhamira. Alipofika kwenye mkakati, mwenyewe aliguswa kidogo.

"Na yule mama ninayemwona hapa siku zote?" aliuliza mzee.

"Mpishi wangu. Namwacha aringe tu. Mfanyakazi akijiona bosi, hachelewi kazini."

Muuza Misumari alicheka mpaka akatoa leso. Mkurugenzi alicheka naye, kwa adabu, bila kuuliza kilichochekesha sana ni nini. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

Siku tatu baadaye mzee alileta jibu. Tawi alilitaka, ila alikuwa na sharti. "Mimi sinunui ubao, mwanangu. Nanunua mchuzi. Siku utakapoupika kwa mkono wako mwenyewe, ndani ya jengo langu, ukawa na ladha ileile, siku hiyo tunasaini na bahasha unaondoka nayo."

Mkurugenzi hakujua hata kitunguu kinaanzwa upande gani. Lakini mwindaji hakatai kuingia msituni kwa sababu ya umande. Asubuhi iliyofuata alikwenda mlango wa nyuma wa mgahawa, akavua tai, akaomba kazi kwa jina la uongo. Shangazi alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyake vya ngozi vinavyong'aa, akamwonyesha rundo la sufuria.

Jikoni kwa Shangazi siri haisimuliwi. Mtu huanza kwa kukwangua ukoko, na sufuria isipate hata mkwaruzo. Akifaulu hupandishwa kwenye vitunguu, kutoka vitunguu kwenye nyanya, na mwisho kabisa husogezwa penye moto, asimame karibu na mchuzi. Wengi hukimbia wakiwa bado kwenye ukoko. Mkurugenzi hakukimbia. Wiki saba alikwangua, akamenya, akalia, akaungua vidole viwili, na kila usiku alijipongeza kwa kumwibia yule mama maskini ujuzi wake.

Wakati huohuo alitekeleza kile alichokiita kutia chambo. Ili mzee asiingiwe na shaka, alilipaka jengo rangi, akanunua majiko, meza kumi na mbili, sahani, na ubao mkubwa mwekundu. Soksi ilikonda. Mkataba aliuandika mwenyewe, na aliuandika kwa mapenzi makubwa: mnunuzi wa tawi hugharimia vyombo vyote, harudishiwi chochote, hupika mwenyewe kila siku kwa miaka miwili, na sehemu ya mapato humpelekea muuzaji. Ulikuwa mkataba wa kumnyonya mtu mpaka uboho.

Siku ikafika. Mkurugenzi alipika. Mzee alionja kijiko kimoja, akafumba macho, akaweka mezani bahasha nono. Karani wa mtaa alikuwepo kushuhudia, akadai vitambulisho, hivyo Mkurugenzi alilazimika kutumia jina lake halisi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Mzee alisaini kwanza, taratibu. Mkurugenzi, macho yake yakiwa kwenye bahasha, alisaini kwenye mstari uliobaki.

Kisha akaifungua bahasha. Ndani mlikuwa na aproni, imekunjwa vizuri.

"Umekosea bahasha, mzee wangu."

"Sijakosea. Soma nimesaini wapi."

Muuza Misumari alikuwa amesaini penye neno muuzaji. Mstari uliobaki ulikuwa wa mnunuzi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Shangazi. Alimsalimia mzee kama mtu anavyomsalimia mdogo wake wa tumbo moja, maana ndivyo alivyokuwa. Jina la Shangazi alipewa na watoto wa mzee huyo, mji ukaliokota tu. Katika wiki saba zote, Mkurugenzi hakuwahi kuuliza ni shangazi wa nani.

Alichota mchuzi, akaonja. "Chumvi imezidi kidogo. Lakini miaka kumi natafuta mtu wa tawi asiyekimbia ukoko."

"Shangazi, mimi siwezi..."

"Mlango uko wazi, mwanangu. Ukishika kulia, kuna kituo cha polisi, na kuna watu wanne wanaulizia kiwanja. Ukigeuka nyuma, kuna jiko lako. Limelipiwa."

Mkurugenzi aliutazama mlango kwa muda mrefu. Kisha mchuzi ukaanza kushika chini, na mkono wake, bila kumwomba ruhusa, ukachukua mwiko.

Leo foleni ya tawi la pili inafika stendi. Mmiliki wake ni mkali, hulalamika kwa wateja kwamba siku hizi uaminifu umekwisha, na halali mchana hata kidogo. Juzi, saa tisa na dakika kumi, kijana mmoja mwenye suti alijipenyeza nyuma ya kaunta, akakaa, akakausha uso.

Mkurugenzi alimtazama viatu. Kisha akaenda kumletea sufuria.