Mwenye Vyumba Kumi na Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya kamati imefika. Ada ya matunzo imepanda tena! Walinzi, pampu ya maji, taa za njiani, yule bwana wa kukata majani: wote juu yetu, nyumba ishirini ndani ya ukuta mmoja. Na ada hutozwa kwa idadi ya vyumba. Mwenye vingi hulipa zaidi, na majina hubandikwa ubaoni pale getini, mlipaji mkubwa juu, mdogo chini. Mjinga gani alitunga sheria hii?

Mimi. Miaka minane iliyopita, nilipokuwa mwenyekiti. Nina vyumba kumi na kimoja. Daktari wa Meno, jirani yangu, ana tisa. Tangu siku hiyo jina langu liko juu na lake liko chini yangu, na kila nikipita getini natupia jicho. Raha yake haisemeki.

Pensheni inalia, lakini hilo si kubwa. Kubwa ni Mama Watoto. Leo asubuhi goti limemgomea juu ya ngazi. Vidato ishirini na viwili! Ameshuka akiwa amekaa, kidato kimoja kimoja, kikapu cha nguo mapajani. Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikaacha. Alipofika chini akaniambia bila kupandisha sauti kwamba watoto wote wameshaondoka na yeye amechoka kufagia vyumba vya watu wasiokuwepo. Kuna fleti ya vyumba viwili inauzwa, chini kabisa, mlango mkabala na wa mdogo wake. Niuze hili jumba twende huko. Nisipouza, mwisho wa mwezi anahamia kwa mdogo wake, nami nibaki na ubao wangu.

Nikamwambia nitalifikiria. Akasema jibu hilo analisikia tangu kitinda mimba wetu yuko darasa la pili.

Jumanne, 4 Machi

Wazo limenijia naoga. Ada ni kwa vyumba. Basi vyumba vipungue! Vinne vya juu havina mtu. Nikiziba milango, ikapigwa lipu, ikapakwa rangi, nitabaki na saba. Ada inashuka. Mama Watoto anafagia kidogo. Nyumba haiuzwi. Nimetoka bafuni na sabuni masikioni, nimefurahi kupita kiasi.

Nimekuwa mkaguzi wa mizani miaka thelathini. Nimekamata wauza sukari wangapi wenye mawe ya uongo? Najua udanganyifu ulivyo. Huu si udanganyifu. Huu ni mpangilio.

Nimemshauri mke wangu aende kwa mdogo wake siku tatu, apumzishe goti. Akapanda juu polepole, akakaa kitambo kwenye chumba chake cha kushonea, akashuka na mkoba wake, akaondoka. Hakuuliza hata swali moja. Fundi anaanza kesho.

Ijumaa, 7 Machi

Kazi safi! Ukumbi wa juu umekuwa ukuta mtupu, mweupe. Fundi aliuliza tunaziba kwa nini. Nikamwambia upepo. Akauliza vitu vilivyomo ndani havitolewi? Nikamwambia aviache, vitu havina ada. Fundi mzuri, haulizi mara tatu.

Mama Watoto amerudi. Amepanda, amesimama mbele ya ukuta, ameugusa kwa kidole, kidole kimetoka na rangi. Akauliza cherehani yake iko wapi. Nikamjibu inapumzika. Akanyamaza. Mke wangu akikasirika husema. Akinyamaza ndipo pa kuogopa, ila leo simwogopi mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Karani wa kamati amekuja kuhesabu. Mzee mkimya, penseli sikioni, kofia haitoki kichwani. Amepita chumba kwa chumba. Saba! Nikamsindikiza mpaka nje nikipiga mluzi. Hapo akainua macho, akauliza yale madirisha manne ya juu ni ya wapi.

Ya urembo, nikasema.

Akauliza kama na mapazia ni ya urembo. Nikasema ndiyo. Akauliza, na yule paka aliyekaa nyuma ya pazia? Paka wa Daktari wa Meno! Amepenya dirishani, ametulia mle ndani anajilamba. Nikasema paka si wangu, jambo ambalo ni kweli. Karani akaandika saba, lakini aliandika taratibu mno. Kisha akanikumbusha kwamba anayeficha chumba hutozwa mara mbili mwaka mzima. Sheria hiyo pia niliitunga mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwisha! Nimeamka mapema nikaione ada yangu mpya ubaoni. Jina la kwanza: Daktari wa Meno. Nikashuka na kidole. Nikashuka. Nikashuka. Mimi ni wa sita! Jambo hili sikulipigia hesabu hata kidogo.

Mlinzi, ambaye kila siku huniinukia wima, leo kanisalimu amekaa. Daktari akatokea, akanipa pole, akanishika bega. Bega langu! Akasema kama jumba limenielemea yuko tayari kulinunua, aliunganishe na lake. Nikamshukuru. Nimesaga meno mpaka nikahofia nitaishia kwenye kiti chake.

Alhamisi, 13 Machi

Nilishangaa fundi haachi kuonekana mtaani. Kumbe ana kazi nyumba nane! Kila mtu anaziba. Mjane wa nyumba ya kona, mwenye vyumba sita vya haki, kabaki na kimoja na jiko. Kamati imekosa vyumba vya kutoza, na pampu ya maji haina habari na lipu zetu. Basi ada ya kila chumba imepandishwa. Nimepiga hesabu mara tatu, mara ya nne kwa kalamu nyekundu. Kwa vyumba saba nalipa kile kile nilichokuwa nalipa kwa kumi na kimoja.

Faida moja ipo. Kwa kuwa wenzangu wamejipunguza, nimepanda ubaoni mpaka wa pili. Nilikwenda kumpa Mama Watoto habari hiyo. Nikamkuta anakunja nguo zake.

Jumamosi, 15 Machi

Masanduku mawili mlangoni. Hayo nilikuwa nimeyatarajia, ila mwishoni mwa mwezi. Ambacho sikukitarajia ni mto. Juu ya masanduku kaweka mto wake wa kulalia, ule uliobonyea katikati, kwa miaka thelathini na minne uko kushoto kwangu. Nimeutazama ule mto. Sina maneno ya kupamba hapa. Niliogopa. Niliona vyumba kumi na kimoja, au saba, na mimi peke yangu ndani naita mtu aniletee miwani.

Nikamwambia nauza. Akasema ataamini akiiona sahihi, ila mto akaurudisha kitandani.

Mchana Daktari kaja kuangalia nyumba, na karani kama shahidi. Wakatembea, wakahesabu saba, Daktari akataja bei ya nyumba ya vyumba saba. Nikafungua mdomo kusema ni kumi na kimoja! Karani akaitoa penseli sikioni. Nikaufunga mdomo. Nikikubali kuwa ni kumi na kimoja, natozwa mara mbili. Nikikataa, nagawa vyumba vinne bure kwa mtu aliyenishika bega. Nikapiga moyo konde, nikampa mkono.

Daktari akaniomba niandae hati ya nyumba tumalizane Jumatatu. Nikamwambia hakuna shida, hati naiweka mahali salama siku zote, kwenye droo ya cherehani.

Cherehani!

Jumapili, 16 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umechubuliwa na matofali, umefungwa bandeji.

Mama Watoto alikwenda kwa mdogo wake. Nami nikachukua nyundo. Nilidhani nitatoka jasho, wapi! Fundi yule alijenga kwa mchanga mtupu, tofali la kwanza likaanguka kabla sijalikasirikia. Nikapata tundu la kutosha. Nikaingiza kichwa, mkono wa kulia na bega. Nikajinyoosha mpaka kwenye droo, nikaivuta. Vifungo. Nyuzi. Kipande cha chaki. Hati hamna!

Nikataka kurudi nyuma. Haikuwezekana. Nikataka kwenda mbele. Tumbo likakataa. Paka wa Daktari akaja, akanikalia mbele ya pua.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Nikasikia mlango wa chini, kisha ngazi. Kidato. Kimya. Kidato. Kimya. Nikampigia kelele asipande, goti lake! Akapanda vyote ishirini na viwili. Nikasikia anahema nyuma yangu, halafu anakaa sakafuni. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akalia, akapenga, akaanza upya. Mwaka mzima sijamsikia anacheka hivyo, nami nikajikuta nacheka pia, ingawa ukuta ulinibana kila nikicheka.

Akaieleza habari yote, yeye akiongea na suruali yangu. Hati anayo mkobani tangu ile Jumanne. Alipoambiwa akapumzishe goti akajua kuna ujinga unakuja, akaitoa hati drooni kabla sijaleta fundi. Jana jioni alimwendea Daktari, akamwambia vyumba ni kumi na kimoja. Daktari kafurahi mno, kapandisha bei papo hapo, maana akijumlisha na vyake tisa atakuwa na ishirini ubaoni! Karani naye kaelezwa kwamba mzee alikuwa kwenye matengenezo. Karani kajibu kwamba anamjua mzee.

Nikamwambia vizuri sana, sasa amwite fundi anitoe. Akasema atamwita, baada ya sahihi. Akaipitisha karatasi ya mauzo pembeni ya shingo yangu, na kalamu. Nilitia sahihi nikiwa nusu chumbani, nusu ukumbini, paka akiangalia. Ndiyo sahihi yangu nzuri kuliko zote.

Jumamosi, 5 Aprili

Wiki ya kwanza kwenye fleti. Vyumba viwili, jiko, kibaraza. Hakuna hata kidato kimoja. Mama Watoto anatoka na kuingia mara ishirini kwa siku, kwa mdogo wake, kwetu, kwa mdogo wake, anaimba kwa pua. Jana alinishika mkono bila sababu. Nimefurahi, nakiri. Cherehani iko dirishani na mto uko kushoto kwangu.

Daktari alinipigia simu. Ada ya vyumba ishirini imefika. Sauti yake haikuwa nzuri. Aliomba namba ya fundi.

Nimempa. Nikajisikia vizuri sana, nikatoka kutembea, nikapita mbele ya ubao wa jengo letu. Ubao wa ajabu! Hapa kila nyumba hulipa ada sawa, na majina hupangwa kwa ghorofa, kuanzia juu. Sisi tuko chini kabisa. Jina langu limekaa karibu na msumari wa mwisho, limefunikwa nusu na tangazo la mtu anayeuza kitanda cha mtoto.

Hii ni haki kweli? Mwenye vyumba viwili na mwenye kimoja walipe sawa? Nimekaa mezani nikaiandikia kamati barua, kurasa tatu, kwa upole. Nimependekeza ada itozwe kwa idadi ya vyumba, na majina yabandikwe kwa mpangilio, mlipaji mkubwa juu. Nimesema niko tayari kuwa mwenyekiti, wakinibembeleza.

Nimeulizia. Katika jengo zima hakuna mwenye zaidi ya vyumba viwili. Na kibaraza chetu, nimekipima kwa hatua, kikizungushiwa ukuta mwembamba kinakuwa chumba cha tatu. Jumanne Mama Watoto na mdogo wake wanakwenda kliniki ya goti, watakuwa huko kutwa. Nimeongea na fundi. Safari hii nimemwambia asibanie simenti.