Malalamiko Kuhusu Kuku Asiye na Firigisi

Kisegi, Suba Kusini

Kwako Daktari Lynnet, binti wa marehemu kaka yangu,

Ninakuandikia kwa heshima yote inayostahili shahada zako. Mimi, baba yako mdogo na mwalimu mstaafu, nilihudhuria somo lako kanisani baada ya ibada ya Sabato. Nilikaa mstari wa mbele na sikusinzia. Ulitueleza kuwa biolojia sintetiki ni elimu ya kusoma maagizo yaliyomo ndani ya chembe hai, kuyaandika upya, na kumpa kiumbe kazi ambayo hakuzaliwa nayo. Nilipiga makofi. Nilipofika nyumbani nilitafakari, nikayajutia makofi hayo kwa sababu zifuatazo:

1. Ulisema hamira inaweza kufundishwa kutengeneza protini za maziwa bila ng'ombe. Mwezi ujao akina Omwenga wanatoka Migori kuleta mahari yako, nao walikuwa wameketi nyuma yangu. Nilimsikia Mzee Omwenga akimnong'oneza mkewe, "Kumbe! Basi tutaleta pakiti mbili, ya pili iwe heshima." Binti yangu, pakiti ya hamira nitaifunga kamba wapi?

2. Ulisema bakteria wanaweza kuwekewa swichi ili wang'ae wanapokutana na uchafu majini. Ziwa letu linawahitaji. Lakini mke wangu, mama yako mdogo Phelesia, ameniuliza iwapo watang'aa pia kwenye shati ninaloapa kuwa nimelibadilisha. Si haki mtu wa umri wangu kushtakiwa na kola yake mwenyewe.

3. Hili ndilo kubwa. Ulisema nyama ya kuku inaweza kukuzwa ndani ya tangi kutokana na chembe chache, ukatuachia kipande cha kuonja katika kisanduku cha barafu. Nimekikagua pande zote. Hakina firigisi! Unajua kwamba katika boma hili firigisi huwekwa kwenye sahani ya mwenye mji. Wageni hawaulizi mkubwa ni nani, hutazama sahani. Siku ya mahari, Mzee Omwenga atajuaje azungumze na nani? Huenda akazungumza na kaka yako Jacktone, ambaye atakutoa kwa betri ya pikipiki.

4. Mkiamua kukuza firigisi peke yake, mtakuwa mmeharibu zaidi. Tangi moja litajaa firigisi, kila mtoto atapata yake, na boma zima litakuwa la wenye mji. Kila mmoja atataka kuongoza sala ya chakula, na ugali utapoa.

Kwa hiyo ninaomba, kwa upole, utafiti huu usimamishwe duniani kote hadi mahari ipokewe. Zile dawa za malaria ulizosema hamira inaweza kusaidia kutengeneza, mnaweza kuendelea nazo. Sina ugomvi nazo.

Wasalimie wenzako wote wa maabara, pamoja na hao bakteria, maana hawakuomba kazi hiyo.

Ni mimi, nisiyeyumba,
Mwalimu Cephas Ochieng

Baada ya sahihi: Leo tumechinja jogoo halisi ili kukipinga kipande chako. Firigisi ikaletwa kwangu, meno yangu ya bandia yakanasa humo, ikabidi nimpe Phelesia. Ameitafuna yote huku akinitazama. Mimi nimekula kipande cha tangi. Ni laini mno. Kwa mujibu wa hoja yangu ya tatu, mwenye mji sasa ni Phelesia, naye ameagiza utafiti uendelee, mahari izungumzwe naye, na uniletee kipande kingine, kikubwa. Anasema pia usiwasahau wale bakteria wa shati.