Msomaji wa Mkekani kwa Mzee Semboja

Jumatatu, 1 Juni 1908. Korogwe.
Nimeamua. Lea, binti wa Mzee Semboja, atakuwa mke wangu kabla mahindi hayajakauka. Mpinzani ni Isaka tu, mpakiaji mizigo wa stesheni ya Mnyuzi, asiyejua a wala be. Mimi Habakuki nimesoma misheni! Mzee amepata kitabu kipya cha habari za wacha Mungu wa zamani, na anataka kisomwe jioni tukila kwake, mimi na Isaka, ili mwili na roho vilishwe pamoja. Nikajitolea kabla hajamaliza kusema. Maskini Isaka!

Jumanne, 2 Juni.
Nimesoma sura nzima kwa sauti nzito. Lea alisimama mlangoni akinitazama muda wote. Dosari ni moja. Mzee hataki kitabu kiguswe kwa mkono wenye mchuzi, kwa hiyo msomaji hali mpaka amalize. Palikuwa na kambale wa nazi. Nilipofunga kitabu, palikuwa na miiba, na Isaka anajilamba vidole. Nalala na njaa, lakini kwa heshima.

Jumatano, 3 Juni.
Nilichagua sura fupi kuliko zote. Mzee akafurahi, akasema kwa kuwa ni fupi niirudie. Leo kuku! Isaka alimaliza paja, akamwomba Lea mchuzi zaidi. Mlafi asiye na haya. Lea akacheka. Bila shaka alikuwa anamcheka.

Alhamisi, 4 Juni.
Rafiki yangu Muhidini alinikuta shambani nikisema peke yangu, akauliza kama nina homa. Nikamweleza: nakariri sura, kitabu kikae pembeni, mkono uwe huru kula. Akauliza, na mdomo je? Nikamwambia asinivunje moyo. Muhidini ni mtu mwema, ila hana kichwa cha mipango.

Ijumaa, 5 Juni.
Mdomo! Nilikuwa nasimulia habari za mcha Mungu aliyefunga jangwani, nikatia tonge. Mzee akasema hanisikii. Nikapaza sauti. Tonge likaruka, likatua kwenye ndevu zake. Nikarudishiwa kitabu mkononi. Isaka akala fungu langu, eti lisipotee.

Jumamosi, 6 Juni.
Nimekwisha. Posa ya Isaka imekubaliwa. Nilikwenda kumwamkia mama yake Lea, Mama Elina, akanieleza kwa upole. Vyakula vyote hivyo alipika Lea mwenyewe. Isaka alikula akaomba kingine. Mimi sikuonja, na tonge moja nililotia nililitema. Siku ya kambale Lea alilia jikoni, akidhani nadharau mapishi yake. Alilia kwa ajili yangu! Moyo unaniuma kweli. Nilimtamani yule kambale hadi nikamwota, na sasa sina wa kumwambia.

Jumapili, 7 Juni.
Baada ya ibada Mzee alinishika bega. Siku ya arusi atachinja ng'ombe, na anaomba nisome watu wakiwa wanakula, maana hakuna mwenye sauti kama yangu. Nikakubali papo hapo! Msimamizi wa jiko ni Yuditha, mdogo wake Lea, na leo kanisani amenigeukia mara mbili. Nitasoma sura tatu, zile ndefu. Nasikia kijana mmoja, Kaleb, naye anamnyemelea, lakini hajui kusoma. Huyo mwacheni ale tu.